Kupanga Pahala pa Kusalia Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Nyumba za Lamu na Malindi

Wasomaji wamekuwa wakiniuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Mmoja anasema kona yake ya swala imegeuka stoo: juu ya mswala kuna nguo za kupigwa pasi, juu ya marfaa, kile kibao cha kukunja cha kusomea msahafu, kuna chaja za simu. Mwingine analalamika kwamba msahafu umevimba na kuota madoa ya ukungu. Wako walionunua fremu za aya, taa za rangi na miswala ya bei kali, kisha wakagundua kwamba kwa miezi wamekuwa wakielekea baharini badala ya kibla.

Nikiyasoma maswali haya naona chanzo kimoja. Watu wanaanza na mapambo. Pahala pa kusalia hutengenezwa kutoka chini kwenda juu: kibla, sakafu, ukuta na hewa, halafu vitu vya kutumia kila siku, na pambo mwisho kabisa kama bado lina nafasi. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na naomba usiruke hatua.

Jambo moja kabla hatujaanza. Tunapanga pahala pa ibada, hatutengenezi kitu cha kuabudiwa. Hakuna kifaa katika kona hii kinachoombwa wala kuinamiwa. Sahaba Itban bin Malik, macho yake yalipodhoofika na maji ya mvua yakawa yanamzuia kufika msikitini, alimwomba Mtume (s.a.w.) aje asali nyumbani kwake ili pahala hapo apafanye pa kusalia. Mtume alikwenda, akauliza angependa asali wapi, akaonyeshwa upande mmoja wa nyumba, akasali hapo rakaa mbili. Kilichochaguliwa kilikuwa sehemu ya sakafu.

## Vitu utakavyohitaji

Vikusanye vyote kwanza. Kazi ikikatika katikati kwa kukosa brashi au skrubu, kona hubaki nusu na watu wa nyumbani huanza kurundika vitu.

Kwa kibla: fimbo iliyonyooka ya nusu mita au mita moja, uzi wenye kitu kizito mwishoni (timazi), chaki, tepu ya kupimia, na saa iliyo sawa na ya simu.

Kwa sakafu na ukuta: ufagio, mkeka mkubwa wa miyaa au ukindu, miswala, chokaa iliyolowekwa, brashi pana, glavu za mpira na miwani ya kukinga macho.

Kwa msahafu: marfaa, rafu au kabati dogo lenye mlango, vipande viwili vya kitambaa safi cha pamba, na skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu.

Kwa harufu: chetezo cha udongo, koleo, makaa, udi au ubani, sinia ya bati na mchanga mkavu. Kama nyumbani kuna mgonjwa wa pumu, badala ya hivyo tafuta mrashi (chupa ya kunyunyizia) na marashi ya halwaridi.

Mengineyo: taa moja, tasbihi, na kikapu chenye kifuniko cha kuwekea leso au nguo ya kusalia.

Fremu na vitambaa vya kutundika sijaviorodhesha kwa makusudi. Tutavifikia.

## Hatua ya 1: Chagua sehemu kwa matumizi yake

Kosa la kwanza ni kuchagua ukuta ulio mzuri zaidi, ule wenye zidaka (vishubaka vya ukutani) au ule unaoonekana na wageni. Chagua sehemu ambayo mtu anaweza kusimama, kurukuu na kusujudu bila mwingine kulazimika kupita mbele yake.

Katika nyumba za mawe za Lamu, chumba cha ndani kina utulivu lakini mara nyingi ni kizito: hewa haizunguki na mwanga ni hafifu. Kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kina hewa, ila watu wanapita na jua linachoma. Kwa maoni yangu sehemu bora ni mwisho wa msana, yaani ukumbi mrefu unaotazama kiwanda, mbali na mlango wa kuingilia kiwandani. Hapo upepo unafika na mwanga wa mchana unatosha kusomea.

Kwa nyumba mpya za Malindi, ondoka sebuleni kama kuna runinga. Hata ikizimwa, kioo chake kinaonyesha kivuli chako ukisali. Chumba cha kulala kinafaa, mradi kitanda kisifunge njia. Uepuke pia ukuta wa choo. Mbali na adabu, ukuta huo huwa na unyevu daima.

Pima sakafu. Mtu mmoja anahitaji upana wa sentimita 70 na urefu wa sentimita 120. Wawili wakisimama bega kwa bega wanahitaji upana wa sentimita 140. Acha nyuma njia ya kupita ya angalau nusu mita.

*Utajua umepatia* ukikaa hapo kuanzia adhana ya magharibi hadi swala iishe, wakati nyumba ina shughuli nyingi, na hakuna aliyelazimika kukuruka.

## Hatua ya 2: Tafuta kibla kwa uhakika

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Makka iko karibu kaskazini kabisa ya pwani yetu. Kutoka Lamu, kibla ni kaskazini pamoja na digrii mbili na nusu hivi kuelekea magharibi. Kutoka Malindi tofauti hiyo haifiki hata digrii moja, kwa hiyo kaskazini halisi inatosha. Mtu aliyeko Malindi akijikuta anatazama bahari, ameelekea mashariki, na hilo si kosa dogo.

Usiiamini dira ya simu peke yake. Dira hiyo inafuata sumaku, na chuma kinaivuruga. Nyumba za saruji zina nondo ndani ya nguzo na sakafu. Kava la simu lenye sumaku, spika, feni na friji pia huivuta. Nyumba za kale za mawe na boriti hazina nondo, kwa hiyo makosa hupungua, lakini dirisha lenye vyuma linatosha kuipoteza. Fanya jaribio hili: soma dira ukiwa umesimama, sogea hatua mbili, soma tena. Ikibadilika, usiitumie.

Na usipoteze usiku ukiitafuta Nyota ya Kaskazini. Lamu iko digrii mbili na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho yetu. Jua ndilo la kutegemea, na linatupa njia mbili.

Njia ya kwanza: siku jua linapokuwa juu ya Al-Kaaba. Hutokea mara mbili kwa mwaka: tarehe 27 au 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa sita na dakika 27 mchana. Saa ya Makka na saa ya Kenya ni moja, kwa hiyo huna hesabu ya kugeuza. Mei ni wakati wa masika na mawingu ni mengi, hivyo wengi wetu tunapata nafasi nzuri zaidi Julai.

1. Simamisha fimbo ya mita moja juu ya dari ya nyumba au kiwandani, mahali penye jua na sakafu ya sawa.
2. Hakikisha kwa timazi kwamba imesimama wima. Fimbo iliyoinama kidogo tu inatoa kivuli cha uongo.
3. Dakika ikifika, weka alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli.
4. Piga mstari kutoka ncha ya kivuli hadi chini ya fimbo. Ukisimama kwenye ncha ya kivuli na kuitazama fimbo, unatazama kibla.

Kwa Lamu kivuli cha fimbo ya mita moja kitakuwa na urefu wa sentimita 44 hivi, kimelala upande wa kusini. Kama chako kinatofautiana sana na hapo, fimbo haijasimama sawa au saa yako ina kasoro.

Onyo: saa hiyo kivuli kinazunguka haraka, zaidi ya nusu digrii kwa kila dakika. Aliyechelewa dakika kumi ameshapotoka digrii sita hivi. Tarehe ikipishana kwa siku moja haina neno, lakini dakika uzishike.

Njia ya pili: duara, kwa siku yoyote yenye jua. Hii ni ya subira, na haikuhitaji kungoja Julai.

1. Simamisha fimbo ya nusu mita, wima kwa timazi.
2. Funga uzi chini ya fimbo na upige duara la chaki lenye nusu kipenyo cha sentimita 50.
3. Asubuhi, kati ya saa tatu na saa nne, kivuli kitakuwa kinafupika. Ncha yake ikigusa duara, weka alama.
4. Alasiri, kati ya saa nane na nusu na saa tisa na nusu, kivuli kitakuwa kinarefuka. Ncha ikigusa duara tena, weka alama ya pili.
5. Unganisha alama mbili kwa mstari. Huo ni mashariki na magharibi. Mstari unaoukata kwa pembe mraba ni kaskazini na kusini.
6. Ukiwa Lamu, chukua mita moja ya mstari wa kaskazini na uisogeze ncha yake sentimita nne hivi upande wa magharibi. Huo ndio mstari wa kibla. Ukiwa Malindi, uache ulivyo.

Fimbo isiguswe kati ya asubuhi na alasiri. Watoto na paka waambiwe mapema.

Kuuleta mstari ndani. Wengi hupima vizuri juu ya dari kisha hukisia chumbani. Usikisie. Chagua ukuta mmoja unaopanda kutoka chumbani hadi darini. Ukiwa juu, pima kutoka ukuta huo hadi mstari wako sehemu mbili zilizoachana mita moja. Tuseme umepata sentimita 30 na sentimita 42. Rudi chumbani, weka alama kwa vipimo vilevile kutoka uso uleule wa ukuta, unganisha, na mstari uko sakafuni. Kuta za nyumba za kale hazikunyooka sana, basi rudia kipimo kwa ukuta wa pili.

*Utajua umepatia* mstari wako ukikubaliana na mihrabu ya msikiti wa mtaani. Ukitofautiana sana, rudia upimaji kabla ya kumwendea imamu na maneno makubwa.

Usihuzunike kama mstari umekaa mshazari na chumba. Tandika mswala mshazari. Kuna watu wanaunyoosha mswala ufuate vigae kwa sababu unapendeza zaidi, na hapo chumba kimepewa haki ya kibla.

## Hatua ya 3: Safisha sakafu na uponye ukuta

Toa kila kitu. Fagia, piga maji, acha pakauke siku nzima milango ikiwa wazi. Angalia kama kuna njia za mchwa pembezoni mwa ukuta, zile za udongo mwembamba. Ukiziona, mshughulikie mchwa kwanza, kwa sababu mkeka na mbao za marfaa ni chakula chake.

Tandika mkeka mkubwa moja kwa moja sakafuni, na mswala juu yake. Mkeka unauinua mswala kutoka kwenye unyevu wa sakafu na unapitisha hewa. Usiweke plastiki chini ya mkeka. Inafunga unyevu, na baada ya wiki chache utasikia harufu ya uvundo kila unaposujudu.

Mswala uwe wa rangi tulivu. Mtume (s.a.w.) alisali akiwa na vazi lenye nakshi, macho yake yakavutwa nazo, alipomaliza akaagiza lipelekwe kwa Abu Jahm na aletewe vazi lisilo na nakshi. Mswala mnene uliojaa misikiti, taa na maua ya kila rangi ni wa kupendeza dukani, lakini ndio utakaoutazama kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote katika kona hii. Mswala wa ukindu usio na rangi unanipendeza kuliko wote: ni mwepesi, baridi kwenye paji la uso, na ukichafuka unapanguswa.

Sasa ukuta. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zinavuta unyevu na kuutoa. Ukiona ukuta unatema unga mweupe wenye ladha ya chumvi, usiupige saruji wala rangi ya mafuta. Saruji inafunga unyevu ndani, chumvi inasukuma kutoka nyuma, na plasta inaanguka vipande. Fanya hivi:

1. Kwangua unga na plasta iliyolegea kwa brashi kavu. Usioshe kwa maji mengi, maana utairudisha chumvi ndani.
2. Mashimo yajazwe kwa kipimo kimoja cha chokaa iliyolowekwa na vitatu vya mchanga. Mchanga usiwe wa baharini, una chumvi.
3. Plasta ikikauka, lowesha ukuta kidogo na upake chokaa nyepesi kama maziwa. Ikiwa nzito itapasuka na kumenyuka.
4. Acha ikauke hadi siku ya pili, paka tena. Mikono mitatu au minne myembamba inadumu kuliko mmoja mzito.

Onyo: chokaa inaunguza ngozi na inaweza kupofusha. Vaa glavu na miwani. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi papo hapo na uende hospitali bila kungoja. Watoto wasikae karibu na ndoo.

Kama nyumba iko ndani ya mji wa kale wa Lamu, ulio katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, usivunje plasta yenye nakshi wala kuchimba kidaka kipya kabla ya kuuliza ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya iliyopo Lamu. Nakshi ya chokaa ikishang'olewa haipatikani tena ile ile.

*Utajua umepatia* ukipitisha kiganja ukutani baada ya wiki na kikatoka kimekauka, bila unga mwingi.

## Hatua ya 4: Mpe msahafu pahala pake

Msahafu uwe juu ya vitu vingine vyote katika kona, usiwe sakafuni, usirundikiwe vitabu, na uwe mahali ambapo mtu akinyoosha miguu haielekei kwake. Urefu wa bega la mtu mzima aliyesimama, kama sentimita 130, unafaa: mkono unaufikia bila kiti na mtoto mdogo hauangushi.

Kidaka kinaonekana kama kimeumbwa kwa kazi hii, na kinaweza kufaa, lakini kichunguze kwanza. Weka karatasi kavu ndani yake kwa wiki moja. Ikitoka imelegea au imejikunja, kidaka hicho kina unyevu na msahafu utaota ukungu. Kiachie tasbihi na mrashi.

Kwa rafu, usitumie ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Ukuta wa matumbawe ni laini kwa boliti za kutanua, zinauchana. Mwambie fundi atoboe kwa mkono, apige kigingi cha mbao ngumu ndani ya tundu, kisha skrubu iingie kwenye kigingi. Skrubu za kawaida zitashika kutu kwa hewa ya bahari na kuacha mistari ya rangi ya chai ukutani. Kwa mwenye nyumba ya kupanga, kabati dogo la kusimama ni bora kuliko yote. Hutoboi chochote na unahama nalo.

Acha nafasi ya vidole viwili kati ya msahafu na ukuta ili hewa ipite. Uvike kitambaa cha pamba, kamwe usiuvike mfuko wa nailoni. Mara moja kwa wiki ufungue na kuzigeuza kurasa taratibu pahala penye upepo na kivuli. Njia bora kuliko hiyo ni kuusoma kila siku. Msahafu unaosomwa hauoti ukungu.

Marfaa ichague kwa kuitumia. Ifungue, weka msahafu wako juu yake, kaa chini mkao wako wa kawaida. Kurasa zikae sawa bila mgongo wa kitabu kuvunjika, na usilazimike kuinama hadi shingo iume. Marfaa ndogo yenye nakshi nyingi chini ya msahafu mkubwa itayumba. Pitisha kidole ndani ya nakshi uone kama kuna makali yatakayochana jalada. Baada ya kusoma ikunjwe na iwekwe kando, isigeuke meza ya simu.

*Utajua umepatia* ukiweza kuuchukua msahafu, kukaa, kusoma na kuurudisha bila kuhamisha kitu kingine hata kimoja.

## Hatua ya 5: Chetezo, udi na usalama

Harufu nzuri ni katika adabu za pahala pa ibada, na nyumba za pwani bila udi usiku wa Ijumaa huonekana kama zimepungukiwa. Lakini hili ni jambo la moto, na nalisisitiza.

Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanaua. Yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na udi haukuonyi. Fungua dirisha au mlango kabla ya kuingiza chetezo, na usilale hata mara moja na makaa chumbani.

1. Jaza chetezo mchanga mkavu hadi kina cha vidole viwili. Mchanga unazuia udongo kupasuka kwa joto.
2. Kiweke juu ya sinia ya bati, mbali na mkeka, pazia na makuti. Mita moja kila upande.
3. Washa makaa nje, kiwandani au jikoni. Yangoje hadi yavae majivu meupe pande zote. Makaa ambayo bado yana weusi yanatoa moshi mkali unaofunika harufu ya udi.
4. Weka kipande cha udi kama ukucha wa kidole kidogo, au punje moja ya ubani. Ngoja. Watu humimina kijiko kizima, chumba kinajaa moshi na macho yanachuruzika.
5. Harufu ikishaenea, toa chetezo nje. Makaa yamwagiwe maji kabla ya kutupwa.

Fukiza kabla ya swala, si wakati wa swala, na msahafu uwe ndani ya kabati. Moshi wa mara kwa mara unazitia kurasa rangi ya kahawia. Nguo za kusalia zinaweza kufukizwa wakati huohuo juu ya tenga, mtu akiwa amesimama hapo mwanzo hadi mwisho.

Penye mgonjwa wa pumu, mtoto mchanga au chumba kisicho na dirisha, acha moshi kabisa. Nyunyiza marashi ya halwaridi kwenye pazia au ncha ya mkeka, au weka asumini chache kwenye kisahani jioni na uzitoe asubuhi kabla hazijaoza.

*Utajua umepatia* moshi ukiwa mwembamba na mweupe, na harufu ikabaki kwenye leso hadi alfajiri.

## Hatua ya 6: Taa

Taa moja inatosha. Iweke pembeni na juu kidogo, isiwe mbele ya macho ya anayesali wala nyuma yake ikamtupia kivuli kwenye msahafu. Rangi yake iwe ya manjano tulivu. Mishumaa siipendekezi karibu na mkeka.

## Hatua ya 7: Mapambo, kama bado yana nafasi

Sali katika kona hiyo kwanza kwa wiki mbili bila pambo lolote. Baada ya hapo ndipo ujue kinachokosekana, na wengi huona hakikosekani kitu.

Ukiamua kutundika aya iliyoandikwa, iweke ukuta wa pembeni. Bibi Aisha alikuwa na pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) akamwambia aliondoe kwa sababu picha zake zilikuwa zikimjia katika swala. Ukuta wa kibla ubaki mtupu, mweupe. Fremu ya kioo ina shida nyingine: usiku inaakisi taa na uso wako.

Picha za watu na wanyama zisiwepo kabisa, hata za wazee wetu tunaowapenda. Sahani za kale na vikombe vya babu vikae katika zidaka za chumba kingine. Naelewa hamu ya kuvikusanya vitu vyote vya thamani pahala pamoja, na najua mama wengi wameviweka hapo kwa mapenzi, lakini kila kimoja kinaomba kutazamwa na kufutwa vumbi.

## Kama una chumba kimoja tu

Wengi mnaoniandikia mnaishi chumba kimoja cha kupanga, na mnadhani mwongozo huu si wenu. Ni wenu zaidi kuliko mwenye msana mrefu.

Tia alama mbili ndogo za kudumu sakafuni, moja mbele na moja nyuma, kwenye mstari wa kibla. Rangi ya kucha inatosha. Mswala ukunjwe na utundikwe kwenye ndoano, vitu vingine vyote vikae ndani ya kikapu chenye kifuniko, na msahafu kwenye rafu yake juu. Wakati wa swala unatandika kwenye alama bila kuuliza upande. Sharti ni moja: sehemu hiyo ya sakafu isiwekwe kitu, hata kwa dakika tano. Ndoo ikiruhusiwa leo, kesho itakuja na gunia.

Penye watoto, mpe kila mmoja mswala wake mdogo na juzuu yake katika kikapu hichohicho. Mtoto anayejua kitu chake kiko wapi atakuja bila kuitwa.

## Utunzaji

Kila siku, kunja mswala na fagia. Kila wiki, anika mkeka nje juani, pindua pande zote mbili, na ukung'ute. Vumbi la vichochoro linaingia hata nyumba ya ghorofani. Kila mwezi, angalia nyuma ya rafu kama kuna mchwa au unyevu. Mwezi wa Shaabani, paka ukuta mkono mmoja wa chokaa ili Ramadhani ikute pahala pako pakiwa safi.

Kurasa za msahafu zilizochakaa au kuliwa na wadudu hazitupwi jaani wala hazifungiwi vitumbua. Zikusanye katika kitambaa safi, kisha ama uzipeleke msikitini kwa wanaozishughulikia, ama uzizike pahala safi pasipokanyagwa. Kuzichoma hadi ziwe majivu pia kuna msingi, kwa kuwa Sayyidna Uthman aliamuru nakala nyingine zichomwe baada ya kuandikwa misahafu iliyosambazwa. Ukichagua kuzika, chimba kina cha kutosha, mbali na mkondo wa maji ya mvua na mahali punda wanapofungwa.